Mifumo Isiyosomana: Maswali Yenu Kuhusu Bidhaa, Leja na Kaunta

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: ofisi ina programu ya kusimamia taarifa za bidhaa, yaani majina, namba, vipimo, picha na michoro, lakini programu hiyo haisomani na leja, kaunta, stoo au mashine ya risiti. Maswali tumeyafupisha, majina ya watu na ya kampuni tumeyaacha.

SWALI: Habari za kazi wahariri. Tuna duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, na matawi Tegeta na Mbagala. Tulinunua programu ya kutunza taarifa za bidhaa kwa ajili ya duka la mtandaoni. Hesabu ziko Tally (programu ya uhasibu), kaunta ina programu yake. Kijana wetu wa IT anasema ataziunganisha zote pande zote, moja ikibadilika nyingine zifuate. Bidhaa ni kama 4,000. Tuanzie wapi? — Meneja, Gerezani

JIBU: Anzieni kwa kumwambia kijana asubiri. Mkiunganisha kila mfumo na kila mfumo pande zote, bidhaa 4,000 zinaweza kuvurugika usiku mmoja. Muuzaji wa Tegeta anarekebisha jina kwenye kaunta, Tally bado ina jina la jana na inalirudisha, duka la mtandaoni linapokea yote mawili, na asubuhi hakuna anayejua lipi ni sahihi. Kabla ya kugusa kompyuta, amueni kila taarifa mwenyewe ni nani.

Kwa duka kama lenu tungegawa hivi. Jina, namba ya bidhaa, barkodi, kipimo, uzito, picha na kundi la VAT (kodi ya ongezeko la thamani) viandikwe kwenye programu ya bidhaa peke yake. Idadi iliyopo kila tawi itoke programu ya kaunta na stoo. Bei ya kununulia na leja zote ni za Tally. Bei ya kuuzia ndiyo huzua ugomvi ofisi nyingi. Iwekeni popote mtakapokubaliana, ila pawe mahali pamoja tu, na kwingine kote mfunge ruhusa ya kuihariri. Kufunga huko msikuruke. Tangazo la ukutani halimzuii muuzaji mwenye foleni ya wateja watano, lakini kitufe kisichobonyezeka kinamzuia.

Kisha namba. Mkitegemea majina, kompyuta itaona "Nondo 12mm", "NONDO MM12" na "Nondo 12mm" yenye nafasi tupu mwishoni kuwa bidhaa tatu. Toeni namba fupi isiyobeba maana yoyote, mfano 100231, na iwe hiyohiyo katika mifumo yote. Namba za aina ya NON-12-TEG huvutia mwanzoni, halafu bidhaa inahamia tawi jingine na namba inabaki inasema uongo. Isianze na sifuri, kwa sababu Excel huila. Na bidhaa ikiacha kuuzwa, namba yake isipewe bidhaa nyingine, la sivyo ripoti za mwaka jana zitachanganyika na za mwaka huu.

Sasa Tally. TallyPrime hupokea data ya XML (maandishi yenye alama ambayo programu hubadilishana) kupitia mlango (port) ambao kwa kawaida ni namba 9000 wa kompyuta inayoiendesha. Tally iwe imewashwa na kampuni yenu iwe imefunguliwa ndani yake. Mhasibu akizima kompyuta saa kumi na moja jioni, kazi ya usiku haina pa kufikia. Kama kompyuta hiyo hufungua kampuni mbili kwa pamoja, taja jina la kampuni ndani ya kila ombi, maana bila hivyo bidhaa huingia kwenye kampuni iliyo hai wakati huo, na kuzitoa ni kazi ya mkono. Vipimo na makundi ya bidhaa viingizwe kwanza, bidhaa baadaye. Ukituma bidhaa yenye kipimo "Roli" wakati Tally haijui roli ni nini, mstari huo unakataliwa.

Kuna vitu viwili vinavyowanasa wengi hapa. Kwanza, Tally huitambua bidhaa kwa jina, hivyo mkibadilisha jina kwenye programu ya bidhaa na kulituma, mnaweza kuzaa bidhaa mpya badala ya kurekebisha ile ya zamani. Wekeni namba ya bidhaa kwenye nafasi ya jina la pili, na programu ya kuunganisha itafute kwa hiyo kabla ya kutuma. Pili, alama ya & katika jina kama "Kitasa & Funguo" huvunja XML yote; lazima iandikwe & ndani ya faili. Kila utumaji Tally hurudisha jibu lenye hesabu ya vilivyoundwa, vilivyorekebishwa na vyenye makosa. Jibu hilo lihifadhiwe na lisomwe. Fundi anayeangalia tu kama muunganisho "umepita" hataona mistari iliyokataliwa katikati.

Mwisho, vipimo, na hapa kwenye vifaa vya ujenzi ndipo fedha hupotea. Nondo mnanunua kwa tani, mnauza kwa kipande. Uzito wa mita moja kwa kilo ni kipenyo cha milimita kikizidishwa chenyewe, kisha kugawanywa kwa 162. Nondo ya mm 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani kilo 0.889 kwa mita. Ya mita 12 ina kilo 10.67, na tani moja inatoa vipande 93 na kitu. Mtu akiingiza "tani 1 = vipande 100" kwa sababu ni rahisi kukumbuka, mzigo wa tani 10 utaonyesha nondo 1,000 wakati uwanjani zimeshuka 937 hivi. Hizo 63 za hewa mtazitafuta kwa mlinzi bila haki. Stoo itunze kwa kipande, ubadilishaji ufanyike wakati wa kupokea tu, na idadi inayoingia iwe ile iliyohesabiwa garini, kwa sababu uzito wa nondo halisi hutofautiana kidogo na hesabu ya karatasi.

Jaribuni kwa bidhaa 50 na tawi moja. Msichague zile nyepesi. Chukueni nondo, waya unaouzwa kwa mita, rangi yenye ujazo tofauti, na kitu chenye alama za ajabu kwenye jina.

SWALI: Barkodi zetu zikitoka kwenye programu ya bidhaa kwenda kaunta zinageuka 6.20012E+12. Pia kona za bomba za 3/4 zinasomeka "03-Apr". Programu ni mbovu? — Msimamizi wa stoo, Ubungo

JIBU: Programu ni nzima. Kuna mtu katikati anaifungua CSV, yaani faili la maandishi linalobeba orodha, kwa Excel na kuihifadhi.

Excel ikikuta namba yenye tarakimu zaidi ya 11 kwenye seli ya kawaida huifupisha kwa mtindo huo wa E. Ukiihifadhi tena kuwa CSV, kilichoandikwa ni hicho unachokiona, na faili likifunguliwa tena tarakimu za mwisho zinakuwa sifuri. Hapo barkodi imekufa, hairudi kwa kubadilisha muundo wa seli. Rudini kwenye faili la asili. Na 3/4 Excel huisoma kuwa tarehe 3 Aprili. Mkijaribu kuirudisha kuwa namba mtaona kitu kama 45750, ambayo ni hesabu yake ya siku hadi 3 Aprili 2025.

Kama lazima mlipitishe kwa Excel, msilibonyeze faili mara mbili. Fungueni Excel tupu, ingieni sehemu ya Data, leteni faili la CSV kutoka hapo, na safu za barkodi, namba na saizi mzitangaze kuwa maandishi kabla ya kuingiza. Saizi ingekuwa heri iandikwe "inchi 3/4" tangu kwenye programu ya bidhaa. Excel haiwezi kuigeuza tarehe.

Wekeni pia mtego mlangoni mwa kaunta: barkodi ya tarakimu 13 ikaguliwe tarakimu ya mwisho. Chukua zile 12 za mwanzo. Zilizo nafasi ya 1, 3, 5 mpaka 11 jumlisha tu, zilizo nafasi ya 2, 4 mpaka 12 jumlisha kisha zidisha kwa 3, unganisha, halafu tafuta kinachopungua kufikia kumi linalofuata. Kwa 200000012345 ni 8 na 27, jumla 35, kinachopungua ni 5, hivyo barkodi kamili ni 2000000123455. Ikishindwa ukaguzi, mstari urudishwe, usiingizwe. Zinazoanza na 620 ni za kampuni zilizosajiliwa GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za barkodi. Za kujichapishia wenyewe dukani tumieni zinazoanza na 2, ambazo zimeachwa kwa matumizi ya ndani.

SWALI: Ndugu wahariri, kiwanda chetu kinatengeneza vitanda vya chuma vya dabo deka kwa shule za bweni. Michoro na orodha za vipande vipo kwenye programu ya kusimamia michoro. Tulipoiunganisha na mfumo wa manunuzi, oda ya vitanda 50 ikatupunguzia mabomba, na rangi haikuagizwa kabisa. Mchoraji anasema mchoro wake hauna kosa. — Ofisa manunuzi, Vingunguti

JIBU: Mchoraji yuko sahihi, na ninyi pia. Mchoro unaeleza kitanda kilichokamilika. Manunuzi yanahitaji kujua cha kuleta ili kitanda kitokee. Orodha hizo ni mbili, na muunganisho wenu umezichukulia kuwa moja.

Tuchukue miguu, kwa mfano wa urefu wa mm 1,700, minne kwa kitanda. Vitanda 50 ni miguu 200, jumla mita 340. Mfumo ukigawanya kwa bomba la mita 6 unapata 56.7, unaagiza 57. Lakini kwenye msumeno bomba moja linatoa miguu mitatu: 1,700 mara tatu ni 5,100, weka mm 3 za kila mkato, kinabaki kipande cha mm 891 kisichotosha mguu wa nne. Miguu 200 kwa mitatu mitatu ni mabomba 67. Mmepungukiwa 10 kwa miguu peke yake. Vile vipande vya mm 891 havitupwi, vinaweza kutoa ngazi au viunganishi vifupi, ila hesabu hiyo ifanywe na mpango wa ukataji, usiiachie mgawanyo wa urefu.

Rangi, vijiti vya kuchomelea na diski za kukatia hazimo kwenye mchoro kwa sababu hakuna mtu anayezichora. Kwa hiyo katikati ya mifumo miwili muweke hatua ya orodha ya uzalishaji: orodha ya mchoro ikiingia, mtu wa karakana anageuza urefu kuwa mabomba, anaongeza vinavyotumika na asilimia ya kuharibika, ndipo manunuzi wanaiona. Hiyo hatua ifanywe na binadamu kwa miezi ya kwanza. Kuifanya ijiendeshe yenyewe kabla hamjakubaliana kanuni ni kujitafutia oda mbaya zinazotoka haraka zaidi.

Kagueni pia kitu kinachoruhusu orodha kutoka. Inatakiwa iwe hali ya mchoro, "umeidhinishwa", wala si kitendo cha kuhifadhi faili. Mkiruhusu kila uhifadhi utoke, manunuzi watapokea mchoro wa saa tano asubuhi ambao saa sita umeshabadilika. Namba ya kipande isiwe jina la faili, kwa kuwa majina ya faili hubadilishwa na ndipo mnapokuta "mguu mpya final 2" kwenye hati ya kununulia.

Kuhusu mabadiliko: kipande kipya kikiweza kukaa mahali pa cha zamani bila tatizo lolote, bakizeni namba ileile na kupandisha herufi ya toleo. Kisipoweza, kwa mfano matundu ya bolti yamehama, kipeni namba mpya. Mkiiacha namba ileile, stoo itachanganya vya zamani na vipya kwenye rafu moja, na mfumo utasema vyote viko sawa. Toleo jipya likiidhinishwa wakati oda iko njiani, mfumo usiibadilishe oda kimyakimya. Umpelekee ofisa manunuzi taarifa aamue yeye.

SWALI: Tumeunganisha orodha ya bidhaa na mfumo wa risiti za TRA. Sasa mhasibu analalamika VAT haiendani na leja, na wateja wanasema risiti ya rangi lita 4 na ya lita 20 zinafanana maandishi. — Duka la rangi, Tabata

JIBU: Hayo ni mawili tofauti.

La VAT, angalieni kwanza kama bei mnayotuma ina kodi ndani au haina. Bei ya rafu huwa na VAT ndani. Kopo la 11,800 lina 10,000 ya bidhaa na 1,800 ya kodi, kwa kugawanya kwa 1.18. Mfumo mmoja ukidhani 11,800 haina kodi utaongeza asilimia 18 na kufika 13,924. Ukichukua asilimia 18 ya 11,800 utapata kodi ya 2,124. Mkiona mojawapo ya tarakimu hizo kwenye leja, mmeshajua kosa liko wapi. Mlichokosa ni safu moja inayosema "bei ina VAT: ndiyo au hapana", nayo isafiri pamoja na bei kila mahali.

Kisha kundi la kodi. Bidhaa ya VAT ya asilimia 18, ya kiwango cha sifuri na iliyosamehewa ni makundi matatu, ingawa mbili za mwisho zote mteja anaona sifuri. Wengi huzibana kuwa "0" kwenye programu ya bidhaa, na mfumo wa risiti unalazimika kukisia. Hifadhini jina la kundi, asilimia itokane nalo. Bidhaa isiyo na kundi izuiwe kuuzwa. Msiweke kundi la kujaza, maana risiti iliyokwishatumwa TRA haifutwi, hurekebishwa kwa utaratibu wake, na mkiwa na risiti 300 za hivyo mwezi mzima unaishia hapo.

La maandishi ni upana wa karatasi. Karatasi ya mm 58 kwa kawaida huchukua herufi 32 kwa mstari. "Rangi ya maji ya ndani nyeupe lita 20" inakatika kwenye "li", na ya lita 4 inakatika hapohapo. Ongezeni kwenye programu ya bidhaa safu ya jina fupi lisilozidi herufi 32, mkiandika wenyewe: "Rangi maji ndani nyeupe 20L" lina 27. Msiache kompyuta ikate yenyewe.

SWALI: Intaneti ikikatika katikati ya kutuma, ikirudi tunakuta bidhaa mbilimbili na mauzo yameingia mara mbili. — Kariakoo

JIBU: Mtumaji alituma, mpokeaji akapokea, jibu likapotea njiani. Mtumaji akadhani haijafika, akatuma tena. Kwa mtandao wetu hili lichukuliwe kuwa jambo la kawaida. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima iliona.

Kila muamala upewe namba yake ya kipekee pale unapozaliwa, kaunta, na mpokeaji aikatae namba aliyokwisha kuiona huku akijibu "imefika". Kwa bidhaa, utaratibu uwe: tafuta kwa namba, ikiwepo rekebisha, isipokuwepo unda. Vinavyosubiri vikae kwenye foleni iliyoandikwa diski. Vikikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, umeme ukikatika vinakwenda nao.

Kurudia nako kuna adabu, kufuatana na namba ya jibu ambalo mfumo unaopokea unarudisha. Jibu la 500 na kuendelea, au ukimya, rudia baada ya dakika 1, kisha 5, kisha 15, kisha saa. Jibu la 429 lina maana mnatuma kwa kasi mno, punguzeni. Jibu la 400 au 422 lina maana data yenyewe ina kosa. Kuirudia mara elfu haitaiponya, itoeni pembeni mtu aione. Na mstari mmoja mbovu usizuie foleni nzima nyuma yake.

Kila usiku linganisheni pande mbili: idadi ya miamala na jumla ya shilingi. Idadi ikilingana na jumla ikatofautiana, ni bei au kodi. Idadi ikitofautiana, ni utumaji.

SWALI: Duka letu la dawa linafanya kazi usiku kucha. Bei mpya tuliyopanga ianze saa sita usiku inaanza saa tisa. — Sinza

JIBU: Seva yenu inatumia saa ya UTC (saa ya kimataifa), na Dar es Salaam iko mbele kwa saa 3. Usiku wa manane wa seva kwenu ni saa tisa usiku. Msibadilishe saa ya seva kama kuna wengine wanaitumia. Mwambieni fundi aweke ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam kwenye kazi hiyo, na tarehe zitumwe zikiwa na +03:00 mwishoni. Kwetu saa haisogezwi mbele wala nyuma kwa misimu, kwa hiyo tofauti hiyo haibadiliki. Pangeni mabadiliko ya bei yafuate ripoti ya Z (ile ya kufunga mauzo ya siku), yasiitangulie.

SWALI: Fundi aliyetuunganishia mifumo ameacha kazi. Muunganisho bado unafanya kazi. Tuna haja ya kufanya chochote? — Mikocheni

JIBU: Mnayo, na wiki hii. Mara nyingi muunganisho huwa umeingia kwa akaunti yake binafsi. Siku mtakayoifunga, bidhaa zitaacha kusafiri na hakuna atakayejua kwa nini. Msipoifunga, ana mlango wa kuingilia. Undeni akaunti ya mfumo isiyo ya mtu, yenye ruhusa ya kusoma na kuandika bidhaa tu, isiyogusa malipo wala mishahara. Ombeni funguo mpya za API (nywila ambazo mifumo hutumia kuingiliana) kwa akaunti hiyo, zibadilisheni mfumo mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja mwache ufanye kazi siku nzima ikiwemo kazi ya usiku kabla ya kufuta funguo za zamani. Mkikuta nywila imeandikwa ndani ya faili la programu lenyewe, itoeni humo wakati huohuo, na mwangalie nakala za faili hilo zimebaki kwenye kompyuta zipi.